Liszt alivyorudi kuwa mwanafunzi

Nyie mnaopiga kinanda kwaya mnanielewa: nyimbo zilezile, vidole vinajiendea vyenyewe, na mtu anaanza kujiona fundi. Mimi nilishafika hapo. Ndipo nikamkumbuka Franz Liszt.

Alizaliwa Hungaria mwaka 1811, na akiwa na miaka 11 tayari alipiga piano mbele ya watu Vienna. Baba yake alipofariki alitamani upadre, mama akamzuia. Akabaki Paris akifundisha piano, jina analo tayari. Mwaka 1832 akamsikia Paganini akipiga fidla, na hapo akaona kumbe bado. Akaanza upya: saa 4 hadi 5 kwa siku, mazoezi matupu ya vidole, huku akisoma Biblia na Plato (sisi wa falsafa tunatabasamu hapo). Kisha akaenda kuutafuta ugumu wenyewe. Alichukua vipande vya Paganini, vilivyotungwa kwa nyuzi 4 za fidla, akavihamishia kwenye piano. Mwaka 1836 akapiga Paris ile sonata ndefu ya Beethoven, opus 106, ambayo wapiga piano wengi waliikwepa.

Ile hamu ya ujanani nayo haikufa. Mwaka 1865 alipokea madaraja madogo, ingawa padre hakuwa. Aliendelea kufundisha vijana bila malipo, akafariki 1886.

Mimi nimejipa fuga moja ya Bach. Wiki ya tatu sasa, bado niko ukurasa wa kwanza.