Piero Piccioni: alishtakiwa kwa kifo cha msichana, kisha akatunga muziki wa filamu za mafia

Wenye kupenda filamu za zamani za Italia, zile za majambazi, mafia na wanasiasa wala rushwa, wanajua muziki wa Piero Piccioni hata kama jina lake hawalijui. Lakini mwanamuziki huyu aliyefariki Roma mwaka 2004 alijua kesi ya mauaji kwa njia nyingine pia: yeye mwenyewe alisimama mbele ya mahakama kama mshtakiwa.

Piccioni alizaliwa Torino tarehe 6 mwezi wa 12 mwaka 1921. Baba yake, Attilio Piccioni, alikuwa kati ya viongozi wakubwa wa chama cha Demokrasia ya Kikristo. Kijana alisomea sheria, akawa wakili. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye piano na jazz. Alipiga muziki redioni na orkesta yake ya jazz, na kwa muda alitumia jina la Piero Morgan. Kazi ya uwakili ilimkutanisha na watu wa sinema, nao wakaanza kumwomba muziki.

Tarehe 11 mwezi wa nne mwaka 1953, maiti ya msichana wa miaka 21, Wilma Montesi, iliokotwa pwani ya Torvaianica, karibu na Roma. Polisi walisema alizama tu. Magazeti hayakukubali. Uvumi ulienea juu ya karamu za matajiri na dawa za kulevya, na jina la mtoto wa mwanasiasa likatajwa.

Mwezi wa tisa mwaka 1954, baba aliacha kiti cha waziri wa mambo ya nje. Siku chache baadaye mwana alikamatwa, akishtakiwa kuua bila kukusudia. Kesi ilisikilizwa Venezia mwaka 1957. Mcheza sinema Alida Valli alitoa ushahidi kwamba siku zile Piccioni alikuwa pamoja naye upande wa Amalfi, mbali na Roma. Tarehe 28 mwezi wa tano, mahakama ilimwachilia huru pamoja na wenzake. Aliyehusika na kifo cha Wilma Montesi hajajulikana mpaka leo.

Wengi wangejificha baada ya aibu kama ile. Piccioni alirudi kazini. Mwaka 1959 alianza kufanya kazi na mwongozaji Francesco Rosi, mtu wa Napoli ambaye filamu zake zilichimba swali moja: nani ameua, na nani anamficha? Katika « Salvatore Giuliano » ya mwaka 1962, juu ya jambazi wa Sicilia aliyekutwa amekufa uani mwaka 1950, Piccioni hakutunga nyimbo za kumsifu shujaa. Muziki wake ni mzito na wenye giza. Ulimpatia tuzo ya Nastro d'Argento mwaka 1963.

Mwaka huohuo ilitoka « Le mani sulla città », juu ya wajenzi na madiwani wanaogawana ardhi ya Napoli huku nyumba zikiwaangukia maskini. Baadaye zikaja « Il caso Mattei » mwaka 1972, juu ya mkubwa wa mafuta aliyekufa katika ajali ya ndege yenye mashaka, na « Lucky Luciano » mwaka 1973. Piccioni aliunganisha orkesta kubwa na jazz ya ujana wake, na alitunga pia muziki mwepesi wa filamu za kuchekesha. Kwa jumla, filamu zake zinapita mia moja.

Mwaka 1998, Wamarekani walichukua kipande chake kimoja na kukitia katika « The Big Lebowski », na vijana wakaanza kutafuta sahani zake za zamani.

Alifariki tarehe 23 mwezi wa saba mwaka 2004, akiwa na miaka 82. Uvumi ulimpeleka gerezani, na mahakama ilimsafisha. Lakini kinachomkumbusha leo ni muziki wake.