Habari za Adriano Atiman, Mganga na Mwalimu wa Karema

Katika kitabu cha jubilei ni desturi kuwataja kwanza maaskofu na mapadre, na ni haki yao. Walakini tumeona yafaa kuweka hapa habari za mtu ambaye hakuwa padre wala mtemi, ila mganga na mwalimu wa dini, Adriano Atiman wa Karema. Twamtaja kwa sababu hapa Gungu watu huulizana mara nyingi ni nani wafundishwe kuongoza wenzao, na mafundisho hayo yatolewe wapi. Tukiyaangalia maisha ya mzee huyu twaona njia.

Wengine watasema, Karema i mbali, yatuhusu nini sisi wa Kigoma na Ujiji? Yatuhusu sana. Karema iko kusini kwetu, pwani hii hii ya ziwa, na mpaka mwaka 1946 nchi yake na nchi yetu zilikuwa chini ya askofu mmoja. Basi Atiman ni mmoja wa wazee wetu.

Lakini hakuzaliwa ziwani. Alizaliwa yapata mwaka 1866 katika nchi ya mto Niger, karibu na Timbuktu, mbali sana upande wa magharibi wa Afrika. Angali mtoto alikamatwa na wezi wa watu, akapelekwa kaskazini kwa njia ya jangwa la Sahara, akauzwa kama mbuzi. Wazee wa Ujiji hawahitaji kuelezwa mambo hayo, maana mji wao uliwaona watumwa wengi wakianza safari ya kwenda Bagamoyo. Huko Algeria, yapata mwaka 1876, Mapadre Weupe walimkomboa kwa fedha, wakamlea, wakamfundisha kusoma.

Mkuu wa mapadre hao, Kardinali Lavigerie, alikuwa na shauri moja kubwa. Aliona ya kuwa Afrika itageuzwa na Waafrika wenyewe, na wageni ni wa kuanzisha kazi tu. Kwa hiyo mwaka 1881 alifungua nyumba katika kisiwa cha Malta, vijana wa Kiafrika wasomee uganga pamoja na dini. Aliagiza mavazi yao na chakula chao viwe vya Kiafrika, wasije wakazoea maisha ya Ulaya na kuwaona ndugu zao kuwa wageni. Atiman alikuwa mmoja wao. Akasoma huko miaka kadha, na mwaka 1888 akatumwa Afrika ya Mashariki. Akapita Unguja, akafuata msafara kwa miguu bara, na mwezi wa Januari mwaka 1889 akafika Karema.

Hapo ndipo penye fundisho letu. Kijana huyu alikuwa na elimu ambayo pwani nzima ya ziwa haikuwa nayo. Angaliweza kuikalia kama mtu akaliaye mfuko wa fedha. Yeye akaishusha mpaka walipo watu. Mwaka huo huo wa 1889 akamwoa Agnes Wansahira, binti wa jamaa ya watemi wa Wabende, akawa mkwe wa nchi. Akajifunza lugha ya wenyeji wake. Zaidi ya hayo, hakuzidharau dawa za miti na majani za wenyeji, bali alizichunguza na kuzijaribu. Hivyo mwalimu naye akawa mwanafunzi, na watu wakaona ya kuwa elimu yake haikuja kuwadhili.

Kazi yake ilikuwa ya namna mbili, nayo aliifanya kama kazi moja. Aliwatibu wagonjwa, Wakristo na wasio Wakristo, na aliwafundisha watu dini. Mwili ulipoponywa, moyo ulisikiliza. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo ilitimia Karema kwa maana yake hasa.

Kardinali Lavigerie alikufa mwaka 1892, na nyumba ya Malta haikudumu. Wala si ajabu. Njia ile ilikuwa ndefu na ya gharama nyingi, nayo ilitoa watu wachache tu. Yafaa tulipime jambo hili kwa makini. Shauri la Kardinali lilikuwa jema, lakini mlango wake ulikuwa ng'ambo ya bahari, na wakazi wa Karema au Ujiji wasingeweza kuufikia. Kilichobaki ni yule mtu aliyekuja kukaa kwao. Mtoto wa Atiman, Yosefu, alikulia ziwani, akapewa upadre mwaka 1923. Na mwaka 1925 seminari kubwa ikafunguliwa Kipalapala, karibu na Tabora. Tangu hapo kijana wa upande wetu hakuwa tena na haja ya Malta. Elimu ilikuwa imesogea.

Mzee Atiman hakurudi Niger wala Ulaya kutafuta makao. Alikaa Karema miaka 67, akafa huko mwaka 1956, akiwa mzee wa miaka kama 90. Mtoto aliyeuzwa jangwani alizikwa kama baba wa mji.

Sasa tujitazame sisi. Hapa Gungu tuna jumuiya ndogo ndogo, na kila jumuiya yahitaji mwenyekiti, katibu na mtunza fedha. Tuna mitaa yenye wenyeviti wake, na vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa. Kuongoza watu hivyo si kipawa cha kuzaliwa nacho tu. Yampasa mtu afundishwe kuendesha mkutano, kuandika hesabu iliyo wazi, na kusikiliza magomvi pasipo kupendelea jamaa yake. Lakini mafundisho hayo yakiwekwa mbali, kwa juma zima, na kwa karatasi za maneno magumu, mama auzaye dagaa hatafika, wala mvuvi arudiye alfajiri. Watafika wale wale wenye nafasi na nauli, kisha tutashangaa kwa nini viongozi wetu ni wale wale kila mwaka.

Basi tufanye kama ilivyofanyika Karema. Mafundisho yafuate watu. Yatolewe katika nyumba ya jumuiya, saa ambayo soko limepungua, kwa Kiswahili kinachoeleweka, somo moja moja. Na kila aliyepelekwa mbali kusoma, akirudi, awe na deni la kuwafundisha wawili au watatu wa mtaani kwake. Waalimu wenzetu, deni hilo ni letu kwanza. Tuanze na jumuiya zilizo karibu na milango yetu.