MENDEL, MTAWA ALIYEHESABU NJEGERE

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, ndivyo walivyotuachia wahenga. Mpenzi msomaji, ukitaka kuuona ukweli wa methali hiyo, fuatana nami hatua kwa hatua katika maisha ya Gregor Mendel, mtawa ambaye jina lake halikosi katika somo la Baiolojia. Wengi wetu twamjua kwa zile hesabu za tatu kwa moja tu. Mimi nataka tumjue kama mtu, kisha nikuonyeshe jinsi njegere zake zilivyokuja kukutana na sahani ya wali.

Mendel alizaliwa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, ambacho siku hizo kilikuwa chini ya milki ya Austria na leo kimo katika Jamhuri ya Cheki. Wazazi wake walimwita Johann. Baba yake, Anton, alikuwa mkulima mdogo, tena mkulima mwenye bwana: siku tatu kila juma alilazimika kumfanyia kazi mwenye ardhi. Mwaka wa 1838 mzee huyo aliangukiwa na gogo, na tangu hapo hakuwa na nguvu tena. Johann wakati huo alikuwa shule ya upili mbali na kwao. Pesa za nyumbani zikakatika. Kijana akaanza kuwafundisha wenzake ili apate cha kutia mdomoni. Njaa na wasiwasi vilimwangusha kitandani zaidi ya mara moja.

Hapa ndipo ninapomvulia kofia dadake mdogo, Theresia. Binti huyu alitoa sehemu ya mali aliyowekewa ya kuolewa nayo, kakake aendelee na masomo. Damu nzito kuliko maji, jamani! Naye Mendel hakusahau. Miaka mingi baadaye aliwasaidia wana watatu wa Theresia kusoma, na wawili kati yao wakawa madaktari.

Mwaka wa 1843 aliingia monasteri ya Mtakatifu Thomas katika mji wa Brno, akapewa jina la Gregor. Yeye mwenyewe hakuficha kwamba shida ya mkate wa kila siku ndiyo iliyompeleka huko. Akawa padre mwaka wa 1847, lakini kazi ya kuwatembelea wagonjwa na wanaokata roho ilimtia simanzi hata naye akaugua. Basi wakubwa wake wakamtuma kufundisha shuleni, na kazi hiyo ikampendeza sana.

Ila palikuwa na kikwazo: hakuwa na cheti cha ualimu. Mwaka wa 1850 akakalia mtihani, akaanguka. Ndiyo, msomaji, huyu huyu Mendel tunayemkariri alianguka mtihani, tena katika elimu ya wanyama! Mkuu wa monasteri, abate Cyrill Napp, hakumtupa. Alimpeleka Chuo Kikuu cha Vienna, na huko kuanzia 1851 hadi 1853 Mendel akasoma fizikia kwa Christian Doppler na elimu ya mimea kwa Franz Unger. Mwaka wa 1856 akarudia ule mtihani, na wapi! Hakufaulu. Cheti hicho hakukipata hadi anaingia kaburini.

Nina neno hapa. Wako wanaodhani kwamba Mendel alikuwa mtawa tu aliyebahatisha jambo kubwa akipalilia bustani. Mimi sikubali. Watu walikuwa wamezalisha mimea ya aina mbalimbali miaka mingi kabla yake, lakini hakuna aliyeketi akahesabu kizazi baada ya kizazi kama yeye. Ile tabia ya kuhesabu aliichukua katika fizikia na hesabu za Vienna. Na Vienna asingepelekwa kama asingeanguka mwaka wa 1850. Kumbe kule kuanguka ndiko kulikomfungulia mlango!

Kazi yenyewe ilianza 1856 na kuchukua miaka minane hivi, katika kishamba cha monasteri chenye urefu wa mita 35 na upana wa mita 7. Alichagua njegere na kufuata sifa saba, mojawapo ikiwa urefu wa shina. Aliikata kwa mkono sehemu ya kiume ya ua kabla halijakomaa, akapaka chavua kutoka kwa mmea mwingine, kisha akalifunika ua wadudu wasimharibie. Maua yalikuwa maelfu. Si mchezo!

Alipouzalisha mmea mrefu na mfupi, watoto wote wakatoka warefu. Ungedhani ufupi umekufa. Lakini alipowaacha watoto hao wajizalishe, katika mimea 1,064 alipata mirefu 787 na mifupi 277, yaani karibu tatu kwa moja. Ufupi haukuwa umekufa, ulikuwa umejificha. Mendel akaelewa kwamba kila mmea hubeba mafungu mawili ya sifa, moja kutoka kwa kila mzazi, na kwamba lile lililofunikwa halipotei.

Mwaka wa 1865, Februari na Machi, aliwasomea wanachama wa chama cha sayansi cha Brno matokeo yake, na mwaka wa 1866 yakachapishwa. Ikawa kimya kama maji mtungini. Profesa Karl Nägeli wa Munich aliandikiana naye barua, lakini uzito wa jambo lenyewe hakuuona. Mwaka wa 1868 Mendel akachaguliwa abate, na miaka yake ya mwisho akaimaliza akigombana na serikali juu ya kodi ya monasteri. Alifariki Januari 6, 1884, kwa ugonjwa wa figo. Ilibidi dunia ingoje hadi 1900, ndipo wataalamu wa nchi kadhaa walipofika pale pale na kugundua kwamba mtawa alishatangulia.

Sasa tuje kwenye wali. Huko Japani wakulima walisumbuliwa na ugonjwa uliofanya mpunga urefuke ovyo, uwe mwembamba na kuanguka. Mwaka wa 1926 Eiichi Kurosawa, akifanya kazi Taiwan iliyokuwa chini ya Japani, alionyesha kwamba kuvu wa ugonjwa huo hutoa kitu kinachorefusha mmea. Mwaka wa 1935 Teijiro Yabuta akakipa jina: jiberelini. Baadaye ikajulikana kwamba mimea yenyewe huitengeneza kama homoni yake ya kukua. Na mwaka wa 1997 ikathibitishwa kwamba zile njegere fupi za Mendel zilikuwa fupi kwa sababu jeni yao ya kutengeneza jiberelini ina kasoro!

Kasoro hiyo imekuwa neema. Mpunga mrefu ukitiwa mbolea nyingi huzidi kurefuka, masuke yakaulemea, ukalala matopeni. Mkulima wa pishori kule Mwea hahitaji kuelezwa hasara hiyo. Mwaka wa 1962, katika kituo cha utafiti wa mpunga cha Los Baños, Ufilipino, walizalisha Peta, mpunga mrefu, na mpunga mfupi wa Taiwan uitwao Dee-geo-woo-gen. Watoto wote wakatoka warefu. Wajukuu je? Katika kila wanne, mmoja mfupi. Ni hesabu ya Mendel ile ile! Kutokana na hao wafupi ikapatikana mbegu ya IR8, iliyotolewa 1966 na kuongeza mavuno katika Asia. Mwaka wa 2002 jeni ya ufupi huo ikajulikana: nayo ni ya kutengeneza jiberelini.

Mendel hakuiona hata punje moja ya hayo. Nionavyo mimi, wenzangu, karatasi ya mtihani hupima siku moja tu, na watahini wa Vienna walikuwa na mizani fupi. Kwa hiyo ewe uliyeanguka muhula huu, jikung'ute vumbi, urudi kitabuni. Nawe uliyefaulu, usimcheke mwenzako, kwani hujui anahesabu nini huko bustanini.