Tom Mboya na Ndoa ya Miaka Saba

Wapendwa wanandoa, hasa ninyi mnaoishi Theta, asubuhi kukiwa hakuna ukungu mnauona mlima wa Kilimambogo upande wa mawio. Huko, katika shamba la mkonge la Bwana McMillan, ndiko alikozaliwa Thomas Joseph Mboya tarehe 15 Agosti 1930, Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Wengi humdhania mtu wa ziwani tu. Ni kweli wazazi wake, Leonardus Ndiege na Marcella Onyango, walitoka Kisiwa cha Rusinga, lakini mtoto alikulia huku kwenu, akazijua lugha za majirani zake Wakamba na Wakikuyu.

Mzee Ndiege alikuwa mnyapara wa mkonge, na mshahara wake ulikuwa mdogo. Hata hivyo alimsomesha mwanawe kwa wamisionari, kwanza Kabaa, halafu Yala, na mwaka 1946 Mang'u kwa Mapadre wa Roho Mtakatifu. Karo iliposhinda nguvu za baba, na wadogo nao wakingoja zamu yao ya kusoma, Tom aliacha shule, akaenda Nairobi kujifunza kazi ya mkaguzi wa afya. Baba na mama, angalieni hapo: kijana alikuwa na akili za kufika mbali, lakini aliwahesabu wadogo zake kabla ya kujihesabu yeye.

Baada ya hapo maisha yake yalikwenda mbio. Mwaka 1953 alikuwa Katibu Mkuu wa chama cha wafanyakazi wa Kenya nzima, mwaka 1957 akaingia Baraza la Kutunga Sheria, na Desemba 1958 akawa mwenyekiti wa mkutano wa Waafrika wote kule Accra, akiwa na miaka 28. Mwaka 1959 alisaidia vijana 81 kupanda ndege kwenda kusoma Marekani. Huko Ohio ndiko alikosoma pia Pamela, binti wa Walter Odede, mzee ambaye wakoloni walikuwa wamemweka kizuizini tangu 1953.

Walifunga ndoa Januari 1962. Sasa tazameni kalenda. Tarehe 14 Februari, kabla hata mwezi mmoja haujapita vizuri, mkutano wa katiba ulianza London, na Mboya alikuwamo. Uliendelea hadi Aprili. Mwaka huohuo akawa Waziri wa Kazi, baadaye wa Sheria, halafu wa Mipango ya Uchumi. Nchi changa ilimhitaji, na sitamlaumu mtu aliyetumwa na taifa. Ila nawauliza wanaume wa Theta wanaotoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi matatu ya Nairobi na kurudi watoto wamelala: je, ninyi nanyi mmetumwa na taifa hata siku ya Jumapili? Na yule anayerudi mapema, akaketi na simu mkononi mpaka chakula kipoe, huyo yuko nyumbani au yuko safarini? (Akina mama msicheke, simu ni zenu pia.)

Msingoje nafasi kubwa. Sali na mwenzako kabla ya kutoka, hata kama ni Baba Yetu mmoja mkiwa mmesimama mlangoni. Mle pamoja walau usiku mmoja bila simu mezani. Ukiwa mbali, mpigie mkeo kumwuliza hali yake, siyo bei ya unga tu.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969 Mboya alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka Addis Ababa. Mchana aliingia duka la dawa mjini Nairobi, na alipotoka akapigwa risasi. Alikuwa na miaka 38. Ndoa yake ilikuwa ya miaka saba na miezi mitano, na watoto wake walikuwa bado wadogo. Misa yake ya wafu ilisomwa katika Kanisa Kuu la Familia Takatifu, huku nje umati ukilia na polisi wakirusha mabomu ya machozi. Kisha mwili ukasafirishwa hadi Rusinga, kwa watu wa baba yake. Mama Pamela aliishi hadi mwaka 2009.