Mama Zélie, Mshona Dantele wa Alençon

Zélie Guérin alizaliwa tarehe 23 Desemba 1831 katika kijiji cha Gandelain, nchi ya Ufaransa. Baba yake alikuwa jandarma. Nyumbani hapakuwa na mali nyingi, na mama yake alikuwa mkali sana. Zélie hakupata hata mwanasesere mmoja wa kuchezea. Baadaye wazazi walihamia mji wa Alençon, naye akasoma shule ya masista.

Alipokuwa msichana alitaka kuwa sista na kuwatunza wagonjwa. Akaenda kumwomba mkubwa wa masista wa hospitali ya mji, lakini mama yule alimkatalia palepale. Zélie alirudi nyumbani na huzuni. Hakuwa na mahari, na ilimpasa kutafuta kazi ya kumlisha. Siku ya 8 Desemba 1851, alipokuwa akisali, alisikia moyoni mwake kwamba ajifunze kushona dantele ya Alençon.

Dantele ni nini? Ni nguo nyepesi, yenye matundu na maua, nzuri kama utando wa buibui wenye umande. Hufanywa kwa sindano na uzi tu. Kwanza maua huchorwa juu ya ngozi iliyokaushwa, kisha hutobolewa, kisha nyuzi hushonwa juu yake polepole. Kipande kidogo, sentimeta moja kila upande, hutaka karibu saa saba za kazi! Kila mwanamke hujua sehemu yake. Sehemu ya Zélie ilikuwa ngumu kupita nyingine: kuunganisha vipande vyote pamoja, hata mtu asione mahali vilipoungana.

Katika mwaka wa 1853, akiwa bado hajatimiza miaka 22, alianza biashara yake mwenyewe. Wanawake walishona makwao. Kila Alhamisi walikuja kwake na vipande vyao; yeye alivitazama vizuri, akawalipa, akawapa kazi nyingine. Mmoja wao akiugua, Zélie alikwenda kumwangalia. Kazi ikizidi aliketi karibu na dirisha toka asubuhi, na usiku taa yake ilikuwa ingali inawaka. Msidhani kazi hiyo haikumchosha. Mara nyingi alimwandikia ndugu yake kwamba dantele ilikuwa inamtesa.

Tarehe 13 Julai 1858, saa sita ya usiku, alifunga ndoa na Louis Martin, fundi wa saa. Huyu naye zamani alitaka kuwa mtawa akakataliwa. Duka lake lilifungwa kila Jumapili, hata kama wateja walikuwa tayari na fedha mkononi. Katika mwaka wa 1870 Louis aliacha kazi ya saa ili kumsaidia mke wake, akawa anasafiri mpaka Paris kuuza dantele. Si waume wengi wa siku zile waliofanya hivyo.

Walizaa watoto tisa. Lakini kifo kilikuja nyumbani mwao mara nyingi. Wavulana wawili, wote wawili Joseph, walikufa hawajatimiza mwaka. Hélène alikufa ana miaka mitano. Mtoto mchanga Mélanie-Thérèse akamfuata mwaka uleule wa 1870.

Tarehe 2 Januari 1873 alizaliwa mtoto wa mwisho, Thérèse. Baada ya wiki chache alianza kuugua kama kaka zake walivyougua. Maziwa ya mama yake hayakumfaa. Mganga alisema kwamba lazima apate mama wa kumnyonyesha upesi. Zélie alimjua mmoja, jina lake Rose, aliyekaa kijiji cha Semallé, mbali na mji. Alfajiri, giza likingalipo, alishika njia kwa miguu peke yake. Njiani alikutana na wanaume wawili, akaogopa, lakini akaendelea.

Rose alikuwa na mtoto wake mwenyewe, lakini alikubali kuja. Alipomwona Thérèse alitikisa kichwa, kama kusema kwamba wamechelewa. Zélie alipanda chumbani kwake, akapiga magoti mbele ya sanamu ya Mtakatifu Yosefu, akalia. Aliposhuka, mtoto alikuwa ananyonya kwa nguvu! Kisha akalala kimya kama maiti, hata wote wakadhani amekufa. Baada ya kitambo akafungua macho, akacheka. Alikaa kwa Rose zaidi ya mwaka mmoja, akarudi kwao mzima, mnene na mwekundu wa jua.

Pamoja na kazi hizo Zélie hakufunga mlango kwa maskini. Mara moja aliona msichana mdogo aliyeteswa na wanawake wawili waliojifanya watawa. Alimpa chakula, kisha akaenda kwa wakubwa wa polisi, ijapokuwa wanawake wale walimtisha. Mtoto akaondolewa mikononi mwao.

Lakini yeye mwenyewe alikuwa na ugonjwa. Kwa miaka mingi uvimbe ulikuwa katika titi lake. Mwishoni mwa 1876 mganga alimwambia kwamba ni kansa, na kwamba kumpasua hakutafaa tena. Katika Juni 1877 alisafiri mpaka Lourdes pamoja na binti zake watatu wakubwa. Aliingia katika maji mara nne. Hakupona. Binti zake walilia, naye ndiye aliyewatuliza njiani.

Alikufa tarehe 28 Agosti 1877, ana miaka 45. Thérèse alikuwa na miaka minne tu. Louis aliwahamisha watoto mpaka Lisieux, karibu na mjomba wao. Binti wote watano wakawa watawa. Thérèse ndiye Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu, msimamizi wa misioni. Na tarehe 18 Oktoba 2015, mjini Roma, Papa Fransisko aliwatangaza Zélie na Louis kuwa watakatifu, mume na mke siku moja.

Barua za Zélie zaidi ya 200 zimehifadhiwa. Ndani yake mna sala na machozi, lakini zaidi mna homa za watoto, kazi zilizochelewa, na bei ya dantele.