Greene Vardiman Black: mtu aliyefundisha dunia kutengeneza jino badala ya kuling'oa



Safari hii tunawaletea maisha ya Mmarekani mmoja aliyekufa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kati yetu wengi hawajasikia jina lake. Lakini kila munganga wa meno mwenye masomo ya kweli, awe Chicago, Kinshasa ao hapa Kisangani, amepita katika njia ambayo mtu huyu aliifungua.

Tumemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza inajulikana na kila mtu aliyekaa machimboni, tuseme Bafwasende ao Banalia. Jino likiuma, mtu anakunywa vidonge, anavumilia, analala bila usingizi, mwisho anaenda kuling'oa. Kwa wengi wetu, mambo ya jino ni kung'oa tu. Tumejua wenzetu ambao hawajafika miaka 40 na hawawezi tena kutafuna nyama upande mmoja. Ya pili ni hii: Black alifanya kazi yake kwa metali zilezile tunazozijua sisi. Dhahabu, bati na zebaki. Kwa hiyo maisha yake yanatugusa kuliko vile mtu angefikiri.

Greene Vardiman Black alizaliwa tarehe 3 Agosti 1836 kwenye shamba, karibu na mji mdogo wa Winchester, jimbo la Illinois. Alikuwa mtoto wa mkulima. Darasani alikaa kidogo tu. Alipofika miaka 17 alienda kwa kaka yake Thomas, aliyekuwa daktari, akaanza kujifunza uganga pembeni yake. Mwaka 1857 akamkuta munganga wa meno aliyeitwa Speer, akakaa naye miezi michache. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake yote ya meno. Mwaka uleule akafungua chumba chake cha kazi Winchester.

Tusishangae sana. Wakati ule ndivyo ilivyokuwa karibu kila mahali. Shule ya kwanza ya meno duniani ilifunguliwa Baltimore mwaka 1840, na wanafunzi wake walikuwa wachache. Waliobaki walijifunza kwa kuangalia mkono wa mkubwa wao, sawa vile kijana anavyojifunza ufundi wa magari leo. Kinyozi aling'oa, mhunzi aling'oa, muuza dawa wa barabarani aling'oa. Hakuna aliyewauliza diploma.

Halafu vita ya wao kwa wao ikalipuka Marekani, kuanzia 1861 mpaka 1865. Black alikuwa askari upande wa Kaskazini, kazi yake ilikuwa kutangulia na kupeleleza njia. Aliumia goti, akakaa hospitalini. Mwaka 1864 akahamia Jacksonville, mji mwingine wa Illinois, na huko ndiko alikotengeneza jina lake.

Mchana alitunza wagonjwa. Usiku alisoma. Kemia, darubini, vimelea, metali, vyote alijifundisha mwenyewe. Alikuwa na mikono ya fundi: alitengeneza vyombo vyake, na yuko kati ya watu wa kwanza waliotengeneza mashine ya kutoboa jino inayozungushwa kwa mguu. Mtu anakanyaga, gurudumu linazunguka, ncha inasaga uozo. Ni kama cherehani ya fundi wa sokoni. Kabla ya hapo munganga alikuwa akikwangua kwa mkono, na mgonjwa akiteseka muda mrefu.

Sasa tufike penye kiini cha kazi yake. Jino linaoza namna gani? Ndani ya kinywa mna vimelea vidogo sana ambavyo macho hayavioni. Vinakula sukari inayobaki juu ya meno, vinatoa asidi, na ile asidi inayeyusha jino polepole. Mwanzo mtu hasikii kitu. Shimo likipita ganda gumu na kukaribia mshipa, maumivu yanaanza. Lakini kabla ya mshipa kufa jino linaweza kuokolewa: unatoa uozo, unasafisha, unaziba. Na hata mshipa ukifa, daktari aliyesoma vizuri anaweza kuutoa, akajaza mzizi, na jino likabaki mahali pake.

Watu waliziba meno kabla ya Black, ni kweli. Mwenye pesa alizibiwa kwa dhahabu iliyofuliwa nyembamba kama karatasi. Kwa maskini walichanganya unga wa fedha (ile ya metali, si feza ya mfukoni) pamoja na zebaki. Mchanganyiko huo unaitwa amalgamu. Ndugu zetu wa dhahabu wanaijua: zebaki inashika dhahabu, inakuwa donge laini. Mambo ni yaleyale. Donge linaingizwa laini ndani ya shimo, kisha linakauka na kuwa gumu.

Shida ilikuwa ubora. Kila mtu alichanganya kwa kipimo chake. Donge lingine lilivimba likapasua jino. Lingine lilisinyaa, likaacha nafasi, uozo ukarudi kwa chini. Miaka ya 1840 chama kikubwa cha madaktari wa meno wa Marekani kiliwataka wanachama waahidi kwa maandishi kwamba hawataitumia kamwe. Waligombana mpaka chama chenyewe kikavunjika.

Black hakuingia kwenye kelele. Yeye alipima. Miaka ya 1890 alichanganya metali kwa vipimo tofauti, mara nyingi sana, akaangalia kila donge kama linavimba, kama linasinyaa, kama linavunjika. Alitengeneza hata chombo cha kupima nguvu ya kuuma, juu ya kujua kizibo kinapaswa kubeba uzito gani. Mwisho akapata kipimo kinachotulia: fedha ndiyo nyingi, kisha bati, na metali nyingine kidogo kidogo. Bati ni ile inayotoka katika kasiterite, kama ya Maniema na Kivu. Kipimo chake kilishika kazi katika dunia yote kwa miaka zaidi ya 60. Kwa mara ya kwanza mtu wa mshahara mdogo aliweza kupata kizibo cha bei ndogo kinachodumu.

Hapa tusimame kidogo, wamama mtusikilize vizuri. Zebaki iliyofungwa ndani ya kizibo kigumu si sawa na zebaki inayochomwa juu ya moto. Ile ya moto inageuka moshi usioonekana, inaingia kwenye mapafu, inaharibu ubongo na figo, na inamfikia mtoto aliye tumboni. Kuchoma amalgamu ya dhahabu jikoni, karibu na chakula na watoto, ni hatari kubwa kabisa. Na hata kwa meno, dunia inaanza kuachana nayo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unataka nchi zipunguze zebaki, na marekebisho ya 2022 yanasema amalgamu isiwekwe kwa watoto walio chini ya miaka 15, wala kwa mama mwenye mimba ao anayenyonyesha, isipokuwa munganga akiona hakuna njia nyingine. Leo kuna vizibo vyeupe vinavyogandishwa kwenye jino. Uliza vipo ao hapana.

Turudi kwa Black. Kizibo kizuri peke yake hakitoshi kama mkono unaokiweka haujui kazi. Njo maana nusu ya pili ya maisha yake aliitoa kwa kufundisha. Mwaka 1881 jimbo la Illinois lilipitisha sheria juu ya kazi ya meno, na Black alikuwa ndani ya kamati iliyopima wanaotaka kuifanya. Fikirini: mtu aliyeingia kazini kwa miezi michache ya kuangalia ndiye alisaidia kuufunga mlango huo nyuma yake. Hakuona haya. Alijua gharama ya kujifunzia juu ya mwili wa mgonjwa.

Alifundisha kwanza Missouri, kisha Iowa na Chicago. Mwaka 1891 akaingia chuo kikuu cha Northwestern, na mwaka 1897 akawa mkuu wa shule yake ya meno mpaka kufa. Alichora kila jino, akapima kila upande wake, akaandika kitabu juu ya umbo la meno ya binadamu. Vyombo vya kazi alivipa namba kufuatana na upana, urefu na pembe ya ncha, hata mwanafunzi wa mji wowote aweze kuagiza chombo kilekile, sawa vile sisi tunavyoagiza kipuri kwa namba yake.

Mwaka 1908 alitoa kitabu chake kikubwa juu ya kutengeneza meno, vitabu viwili pamoja. Mashimo ya meno aliyagawanya katika aina tano: yale ya mikunjo ya juu ya gego, yale ya kati ya magego, yale ya kati ya meno ya mbele, yale ya meno ya mbele yanayofikia kona, na yale ya karibu na ufizi. Kila aina ina njia yake ya kukata na kuziba. Mpaka leo mwanafunzi wa meno anajifunza hizo aina tano, na zinabeba jina la Black.

Si kila kitu chake kimebaki. Yeye alifundisha kukata shimo pana kupita uozo, juu ya kuzuia uozo usirudi pembeni. Leo wanakata kidogo iwezekanavyo, kwani vizibo vipya vinashika vyenyewe. Lakini yeye mwenyewe aliwaambia wanafunzi kwamba mtu wa kazi hii hana haki ya kuacha kujifunza. Kwa hiyo waliomsahihisha walifuata neno lake.

Kazi yake ya mwisho inatuhusu sana sisi watu wa migodi. Mwaka 1909 alienda Colorado, kwa kuitwa na kijana munganga wa meno, Frederick McKay. Huko watoto wengi waliozaliwa mahali pale walikuwa na meno yenye madoa ya kahawia. Black aliyachunguza kwa miaka yake ya mwisho. Walifahamu kwamba madoa yanaingia wakati jino la mtoto linapojengwa, na kwamba meno yale, ingawa mabaya kwa macho, hayakuoza haraka. Hakuiona sababu: alikufa tarehe 31 Agosti 1915, akiwa na miaka 79.

McKay hakuacha. Dalili ilimpeleka mpaka Bauxite, Arkansas, mji wa wafanyakazi wa mgodi wa aluminiamu, ambako watoto walikuwa na madoa yaleyale. Mwaka 1931 mkemia wa kampuni yenyewe alipima maji ya kunywa ya mji, akakuta floridi nyingi kupita kiasi. Njo ikajulikana: floridi nyingi inachafua jino, kidogo inalilinda. Dawa ya meno tunayopigia mswaki imetoka katika fundisho hilo. Na madoa hayo yako hata kwetu Afrika, upande wa Arusha kule Tanzania na karibu na volkeno za Goma. Tuelewe vizuri: sababu ya ugonjwa ule ilitambuliwa juu ya meno ya watoto wa wachimbaji, kwa kuwa mtu alikubali kuwafungua kinywa na kuangalia.

Mwaka 1918 walimsimamishia Black sanamu katika bustani ya Lincoln, Chicago. Mtoto wake Arthur alikuja kuongoza shule ileile. Lakini mwaka 2001 chuo cha Northwestern kiliifunga shule hiyo. Sanamu iko, shule haipo. Kumbe hata penye utajiri, masomo ya meno yanaweza kukatwa watu wakinyamaza.

Sisi wa sindika tunachukua nini? Tunachukua kwamba kutengeneza jino si starehe ya matajiri. Ni kazi inayofundishwa, yenye vipimo, na bei yake inaweza kushushwa. Kode ya Kazi ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri amtunze mfanyakazi na jamaa yake wakati wa ugonjwa. Jino ni sehemu ya mwili. Tukikaa mezani kuzungumza juu ya matunzo, tusiridhike na neno moja, meno. Tuandike: kuziba, kutibu mzizi, na daktari aliyesoma. Kinshasa, kwenye UNIKIN, wanafundisha madaktari wa meno. Watoto wetu wanaosoma biolojia na kemia wajue kwamba njia hiyo ipo, na kwamba Tshopo inawangojea.

Na wewe unayesoma na shavu limevimba, usingoje. Uvimbe wa jino wenye homa, ao unaozuia kumeza, ni wa hospitali ile siku. Na kama jino halijavimba bado, linauma tu ukinywa maji baridi, nenda sasa. Kabla mtu hajashika koleo, muulize swali hili moja: hili jino haliwezi kuzibwa?