John Huston: muongozaji aliyeamini kazi inaanza kwa kuchagua watu

Wakazi wa delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, wanaijua habari ya Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyojificha kwenye mikoko yao na kuangamia humo tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani waliiokoa mizinga yake, na mmoja ukapelekwa Kigoma kufungwa kwenye meli Graf von Götzen, ambayo leo tunaiita MV Liemba. Vita vya Ziwa Tanganyika vilivyoihusu meli hiyo vinatajwa kuwa chimbuko la riwaya ya Mwingereza C. S. Forester, The African Queen, ya mwaka 1935. Katika riwaya hiyo mashua kuukuu inateremka mto uitwao Ulanga, jina la mto wetu halisi unaopeleka maji yake Rufiji.

Aliyeigeuza riwaya hiyo kuwa sinema ni John Huston, Mmarekani aliyezaliwa tarehe 5 Agosti 1906 mjini Nevada, jimbo la Missouri. Baba yake, Walter, alikuwa mwigizaji, mama yake mwandishi wa habari. Utotoni aliugua sana, ujanani akapigana ndondi, kisha akaanza kuandika hadithi za sinema. Alipoanza kuongoza alishika imani moja ambayo hakuiacha: ukimpata mtu anayefaa, sehemu kubwa ya kazi imekwisha kabla kamera haijawashwa.

Alilionesha hilo mwaka 1941 katika sinema yake ya kwanza, The Maltese Falcon. Kampuni ya Warner Bros. ilikuwa imekwishaitengeneza hadithi hiyo mara mbili, mwaka 1931 na 1936. Huston aliifuata riwaya kwa karibu, kisha akachagua watu wake. George Raft alikataa nafasi ya mpelelezi, ikaenda kwa Humphrey Bogart. Nafasi ya mhalifu mnene akampa Sydney Greenstreet, mzee wa miaka 61 aliyezoea jukwaa la maigizo na ambaye hajawahi kucheza sinema. Hadithi ilikuwa ileile, lakini inayokumbukwa hadi leo ni hiyo ya tatu.

Mwaka 1948, katika The Treasure of the Sierra Madre, alimpa baba yake nafasi ya mzee mchimba dhahabu na kumtaka aondoe meno ya bandia. Mzee aliyekuwa mtanashati akageuka mchimbaji aliyechoka na jua. Baba na mwana wote walipata Oscar.

Mwaka 1951 Huston akaja Afrika. Sehemu kubwa ya The African Queen ni watu wawili ndani ya mashua moja: Charlie, fundi mlevi, na Rose, dada wa mmisionari, wanaopanga kuilipua meli ya Wajerumani. Mmoja wao akipwaya, hakuna pa kujificha. Huston alimchukua Bogart na Katharine Hepburn. Katika kitabu Charlie ni Mwingereza mwenye lafudhi ya mitaa ya London. Badala ya kumlazimisha Bogart aiigize lafudhi hiyo, mhusika akafanywa Mkanada.

Picha zilipigwa Kongo na Uganda, ikiwemo Butiaba kwenye Ziwa Albert. Wengi waliugua, naye Huston mara kwa mara aliacha kazi kwenda kuwinda. Matukio ya waigizaji kuingia majini yalipigwa studio Uingereza kwa kuogopa magonjwa. Siku za mwanzo Hepburn alimcheza Rose kwa uso mkavu mno, na sinema ingeweza kuwa nzito tangu mwanzo. Huston alimfuata na kumpa wazo moja tu: amfikirie Eleanor Roosevelt, mke wa rais, jinsi alivyokuwa akiwatembelea askari majeruhi huku akitabasamu. Tangu hapo Rose akawa mtu wa kupendwa na kuchekwa kidogo. Bogart alipata Oscar yake pekee kwa sinema hiyo.

Imani hiyohiyo ilimwangusha pia. Mwaka 1958, katika The Barbarian and the Geisha, John Wayne, aliyezoeleka kwa farasi na bastola, aliwekwa kuwa mwanadiplomasia wa Marekani nchini Japani. Watazamaji walimwona ng'ombe wa porini kavalishwa suti, na sinema ikashindwa. Studio iliihariri upya, naye Huston akaikana.

Aliendelea hadi uzeeni. Kwa Prizzi's Honor ya 1985 binti yake, Anjelica, alipata Oscar, kama babu yake. Sinema yake ya mwisho, The Dead, aliiongoza akiwa kwenye kiti cha magurudumu na mtungi wa oksijeni. Alifariki tarehe 28 Agosti 1987.

Kwetu watu wa delta kuna jambo la kuongeza. Katika The African Queen nafasi zote kubwa ni za Wazungu. Waafrika wapo kanisani, wapo kijiji kinapochomwa moto, kisha hadithi inawaacha nyuma. Mwaka 1976 sinema nyingine, Shout at the Devil, ilisimulia kisa kilichotokana na Königsberg yenyewe, ikiwa na Lee Marvin na Roger Moore. Nayo ilipigwa Afrika Kusini na Malta, si Rufiji.

Hayo nayo yalikuwa maamuzi ya kuchagua watu. Siku hizi vijana wanapiga filamu kwa simu, hata vijijini. Atakayetaka kusimulia vita vya 1915 ana kisa kizima mbele yake, na nafasi moja haijawahi kupata mwigizaji: ya nahodha wa mtumbwi aliyeijua mikondo ya Rufiji kuliko Mjerumani na Mwingereza.